Kizibo wa h2

Sanduku la sataranji lilikuwa limefungwa nusu, maana bawaba yake ilikufa siku nyingi. Ilikuwa Jumamosi usiku, ghorofa ya pili ya jengo moja la Kariakoo, Dar es Salaam, na wachezaji wa klabu walishateremka ngazi wakibishana. Mchezo wa mwisho, uliokula karibu saa 3, ulikwisha sare. Nyeupe alicheza Mwalimu wa hesabu. Nyeusi alicheza Fundi wa simu, ambaye kwa furaha ya kuponea chupuchupu aliisahau simu yake mwenyewe mezani ikiwa kwenye chaji.

Kitunda kimoja cheupe cha seti ile kilipotea zamani, na mahali pake, h2, husimamishwa kizibo cha soda. Usiku huo kizibo hakurudishwa sandukuni. Alibaki juu ya meza, kati ya Saa na Simu, akisikiliza wakubwa wakiongea ndani.

MFALME MWEUPE: Ndugu zangu, kwanza niwapongeze. Nusu pointi si haba. Mazingira yalikuwa magumu, lakini chini ya uongozi wangu tumevuka salama.

FARASI MWEUPE: Uongozi upi, mzee? Hatua 11 za kwanza hukutoka e1. Vita inapiganwa h7, wewe uko nyumbani.

MFALME MWEUPE: Mfalme akitoka mapema watu husema amechanganyikiwa. Nilikuwa natuliza hali.

ASKOFU MWEUPE: Tusipoteze muda. Mchezo huu ni wangu. Hatua ya 8 nilitoka d3, nikaenda kujitoa mhanga h7, nikamvuta mfalme mweusi nje ya boma lake. Watazamaji walisimama. Kijana mmoja aliacha hata chipsi zake zikapoa.

MALKIA MWEUPE: Wewe ulikufa tu, baba. Kufa si kazi.

ASKOFU MWEUPE: Kufa mahali panapofaa ni kazi, Bibi. Nikaliwa, farasi mwenzetu akaruka g5, shaha! Hapo ndipo weusi walipoanza kutoka jasho.

KIZIBO (kutoka nje): Samahani, wazee wangu. Naomba kuuliza kitu.

MFALME MWEUPE: Nani huyo?

FARASI MWEUPE: Kizibo wa h2.

MFALME MWEUPE: Mwambie atume maombi kwa maandishi.

KIZIBO: Ni swali dogo tu, mzee. Baba Askofu alikwenda kufa h7 hatua ya 8. Hatua ya 7 nani alicheza?

(Kimya kidogo sandukuni.)

ASKOFU MWEUPE: Sikumbuki. Mtu fulani alisogea pembeni.

KIZIBO: Nilisogea mimi, h2 mpaka h4. Watu wakacheka, wakasema Mwalimu amekosa la kufanya. Lakini e7 alikuwapo askofu mweusi, ameikodolea macho g5. Farasi wetu angefika pale bila mimi kuwa h4, askofu yule angemla na hadithi ingeishia hapo. Kwa kuwa nilikuwepo, alipomla farasi mimi nikamla yeye, na nilipohama mstari wangu, Ngome aliyekuwa nyuma yangu akafunguka mpaka kwa mfalme. Shaha nyingine hiyo, na wala sikuinua sauti.

SIMU: Ni kweli. Bila kitunda kuwa h4, kafara ile haisimami. Kitunda kikiwa h4, weusi wamekwisha.

ASKOFU MWEUPE: Na huyu naye nani kamwita?

SIMU: Mimi ni simu ya Fundi. Nina Stockfish ndani, programu ya sataranji. Sina hadithi, nina namba tu, nazo nazipima kwa vitunda. Ikiwa +3, maana yake nyeupe wako mbele kwa uzito wa vitunda 3. Ukoo wangu wa kompyuta ndio uliomshinda bingwa Garry Kasparov kule New York mwaka 1997, kwa hiyo naomba heshima kidogo.

FARASI MWEUPE: Kizazi hiki! Anapima kila kitu kwa vitunda, halafu vitunda wenyewe hakuna anayewauliza.

MFALME MWEUPE: Sasa nasikia manung'uniko, na mimi sipendi manung'uniko. Naunda tume. Tume itachunguza kwa nini mchezo tulioushinda ukaisha sare. Mwenyekiti awe mtu asiyehusika hata kidogo, mwenye mikono safi.

ASKOFU WA C8 (mweusi, akikohoa): Mtukufu, hapo nadhani unanitaja mimi.

FARASI MWEUPE: Mikono yake ni safi kweli. Hatua 32 hajagusa kitu.

ASKOFU WA C8: Nisingeweza! Bwana wangu alifungua kwa Ulinzi wa Kifaransa. Hatua ya kwanza kabisa akamsogeza kitunda wa e6, akaniziba njia. Duniani kote askofu wa c8 katika Kifaransa anajulikana kwa mateso haya. Nimekaa nyuma ya ukuta wa watu wangu mwenyewe, lakini kukaa nyuma kumenipa nafasi ya kutafakari. Nina ripoti ya kurasa nyingi. Hadidu za rejea zikiwa tayari, naanza kesho. Posho tutaongea.

NGOME MWEUPE: Kabla hujaanza kesho, anza na mimi leo, maana najua mtanitupia lawama. Hatua ya 11. Mfalme mweusi yuko g8, uchi. Njia ya Malkia kutoka d1 mpaka h5 iko wazi kama barabara ya Jumapili asubuhi. Malkia angeenda h5 tu, mati ingekuja hatua chache mbele, mimi nikiwa nyuma yake h1.

MALKIA MWEUPE: Nilikuwa nimeshajipaka wanja.

NGOME MWEUPE: Mwalimu naye alikuona, Bibi. Mkono wake ulikuwa unakuja kwako. Lakini Mwalimu ni mtu wa hesabu, hapendi kitu kilichokaa upande. Akaona mimi nimeegemea ukingo wa mraba wangu. Akanishika kwa vidole viwili, akaniweka katikati, nimenyooka vizuri kama namba 1. Hakusema neno.

SAA: Na neno lenyewe ni moja tu. Ungesema "nasawazisha" kabla ya kugusa, unapangusa hata vumbi. Usiposema, kanuni ni ile ile: ukigusa, unacheza. Fundi alikuwa mpole, hakupiga kelele. Alitabasamu tu, akamnyooshea mwamuzi kidole.

NGOME MWEUPE: Basi ikabidi niende mahali. Akaniweka h3. Na hatua moja hiyo ikampa Fundi pumzi: akasukuma kitunda g6, Malkia wetu akafungiwa mlango wa h5. Akampandisha mfalme g7, akaleta ngome yake h8. Tukawa tumetoa askofu na farasi, tumepata askofu mmoja na kitunda. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, Mwalimu aliandika kila hatua, na mali ikapotea hivyo hivyo.

SIMU: Hatua ya 10 niliona mati. Hatua ya 11 sikuiona tena.

KIZIBO: Kule kijiweni tulikuwa hatuna mambo ya kusawazisha.

MALKIA MWEUPE: Kijiweni wapi?

KIZIBO: Kwenye drafti, Bibi. Mimi kabla ya kuletwa huku nilikuwa chini ya mwembe, na wenzangu. Ubao wa boksi, timu moja vizibo vimelala chali, nyingine vimefunikwa. Kule kula ni lazima. Ukiona pa kula, unakula, hata kama ni mtego na unajua ni mtego. Hakuna kujifanya mwungwana.

ASKOFU MWEUPE: Sataranji si drafti, mwanangu. Huku kuna utukufu, kuna historia.

FARASI MWEUPE: Historia ndiyo itatuumbua, baba. Waarabu wa Baghdad walipokuwa wakicheza shatranji miaka zaidi ya 1,000 iliyopita, wewe ulikuwa tembo, al-fil, unaruka miraba 2 kimshazari. Huyu Bibi hakuwa malkia wala mke wa mtu. Alikuwa waziri, anatambaa mraba 1 kwa mshazari, mwenye ndevu pengine.

MALKIA MWEUPE: Wewe Farasi!

FARASI MWEUPE: Nguvu hizi Ulaya ilikupa mwishoni mwa karne ya 15, Bibi. Ni juzi tu. Mimi ndiye sijabadilika, na ndiyo maana hawanipendi kwenye vikao.

MFALME MWEUPE: Turudi kwenye hoja. Baada ya hapo?

MFALME MWEUSI (kwa sauti ya chini, kutoka kona ya sanduku): Baada ya hapo ilikuwa tushinde sisi. Tulikuwa na kete moja zaidi. Malkia wakabadilishana kwenye h8, nikashusha pumzi. Kilichobaki kilikuwa kutoa watu waliolala ndani. Hatua ya 33, baada ya farasi wetu kupisha, Fundi akakumbuka kwamba ana askofu c8.

ASKOFU WA C8: Nashauri kipengele hicho kisiingie kwenye ripoti.

MFALME MWEUSI: Akamtoa mraba mmoja tu, d7. Siku yake ya kwanza kazini.

FARASI MWEUPE: Mimi nikaruka c5. Kulia kwangu yeye, kushoto ngome yao wa b7. Nikawatega wote wawili kwa mguu mmoja. Ngome akakimbia, askofu akabaki anasoma hotuba.

ASKOFU WA C8: Mazingira hayakuwa rafiki.

SAA: Na ukumbuke mimi nilikuwa natembea. Watu husema nina nyuso mbili, na ni kweli, moja ya kila mchezaji. Hakuna niliyempendelea. Fundi alitumia dakika 26 kuamua kumtoa huyu bwana d7. Ningekuwa na mdomo wakati ule ningesema: kaka, unafikiria nini dakika 26 kwa safari ya mraba 1?

Sehemu ya mchezo iliyofuata, watazamaji wengi hawakuiona. Waliona kete zinapungua, wakadhani mchezo umekufa, wakaenda kununua kahawa. Ni makosa ya kawaida. Kete zikipungua ndipo kosa dogo linapogharimu mchezo mzima.

NGOME MWEUPE: Tukabaki watano. Mimi, Mfalme wetu, Kizibo. Upande wa pili mfalme wao na ngome wao.

SIMU: Kete 5. Hapo mimi sihitaji hata kufikiri. Hali zote za kete 7 au pungufu zimeshakokotolewa mpaka mwisho. Jibu lilikuwa sare.

MFALME MWEUSI: Na mimi nilijua ni sare! Nilikuwa nimesimama g8, mbele ya Kizibo, na ngome yangu amekaa safu ya sita, anamzuia mfalme wenu asipite. Fundi alilisoma somo hilo, ni la Philidor, yule Mfaransa mwanamuziki aliyeandika kitabu cha sataranji mwaka 1749 akawatukuza vitunda. Unakaa safu ya sita mpaka kitunda kiingie pale. Kikiingia, unashuka chini kabisa, unapiga shaha kutoka nyuma.

KIZIBO: Mimi sikuingia. Nilikaa g5, nikamwangalia machoni.

MFALME MWEUSI: Ndiyo. Fundi akachoka kuangaliwa. Akashuka kupiga shaha kabla ya wakati. Mfalme wenu akapanda g6, mati ikawa mlangoni. Bado ilikuwa sare, lau ngome yangu angerudi safu ya nane akakaa kimya. Lakini kukaa kimya... (anasita) Nilikimbia mimi. Nikatoka mbele ya kizibo, nikaelekea e7. Nimejiuliza toka jioni: namkimbia nani? Kizibo cha soda?

SAA: Binadamu hukimbia vidogo zaidi ya hivyo.

NGOME MWEUPE: Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kazi yangu ilipo. Kizibo akafika g7, Mfalme wetu amejificha g8 mbele yake, mimi niko mstari wa f nimemziba mfalme mweusi asirudi. Tatizo, Mfalme akitoka anapigwa shaha na ngome yao mpaka kesho. Mwalimu akafanya kitu ambacho nitakikumbuka nikiwa mkaa. Akaniweka f4. Safu ya nne! Watu wawili waliobaki ukumbini wakaguna. Halafu e4, shaha. Kisha Mfalme akatoka: f7, shaha, g6, shaha, h6, shaha, g5, shaha. Na mimi nikaingia g4 katikati yao, nikawa ukuta. Shaha zikaisha. Inaitwa kujenga daraja.

MFALME MWEUPE: Daraja nililovuka mimi. Naomba ripoti iseme hivyo.

FARASI MWEUPE: Inaitwa hali ya Lucena, na Lucena hakuiandika. Kitabu chake cha 1497 ukipekua mwanzo mpaka mwisho huikuti. Iko kwenye kitabu cha Salvio cha 1634. Lucena Mhispania kalala, anasifiwa kwa kazi ya mtu.

KIZIBO: Kumbe yanatokea hata kwa wakubwa.

FARASI MWEUPE: Sisi wenyewe tunaitwa kete za Staunton. Mchoro wetu ulisajiliwa London mwaka 1849 na Nathaniel Cooke, wakatuchonga watu wa Jaques. Howard Staunton alikuwa mchezaji maarufu, akatoa jina. Sisi wa humu wala si mbao, ni plastiki, lakini jina ni lile lile.

MFALME MWEUPE: Mimi si plastiki.

(Hakuna anayemjibu.)

NGOME MWEUPE: Basi ngome mweusi akanila g4, Mfalme wetu akamla yeye. Nikatolewa pembeni, nikiwa nimeridhika. Kizibo yuko g7, mbele yake mraba mmoja tu. Mfalme mweusi yuko mbali. Imekwisha.

SAA: Haikwisha. Bendera yangu upande wa Mwalimu ilikuwa imeshaanza kunyanyuka. Mimi ni saa ya zamani, ya kujaza ufunguo, siongezi mtu hata sekunde kwa kila hatua.

KIZIBO: Niambieni kitu kimoja nielewe. Kule kwenye drafti, kizibo kikivuka bao lote kikafika mwisho, kinabandikwa kizibo kingine juu, kinakuwa kingi. Lakini wa chini ni yule yule aliyetembea. Mimi nilitoka h2, nikapita h4, nikala g5, nikavuka g6 na g7 peke yangu. Nilipofika g8 nikawa nangoja kubandikwa. Mwalimu akaninyanyua akaniweka hapa mezani. Akaanza kumtafuta mwingine.

MALKIA MWEUPE: Kanuni ndivyo zilivyo, mwanangu. Kitunda akifika, anatoka, anaingia malkia. Ningeingia mimi.

FARASI MWEUPE: Ulikuwa wapi, Bibi?

MALKIA MWEUPE: ...Ngumini mwa Fundi.

ASKOFU MWEUPE: Ngumini!

MALKIA MWEUPE: Tangu niliwe h8! Fundi akiwa na wasiwasi hushika kitu. Saa nzima ananizungusha kiganjani, jasho mpaka kwenye taji. Nilikuwa mateka, siyo mtoro. Muandike hivyo.

SAA: Mwalimu akatazama kushoto, akatazama kulia, malkia hayupo. Kanuni inamruhusu asimamishe saa, amwite mwamuzi, aombe malkia. Hilo alilikumbuka akiwa kwenye ngazi, dakika 10 baadaye. Pale mezani alimnyakua Ngome, akampindua kichwa chini miguu juu, akamsimamisha g8, akasema "Malkia!"

NGOME MWEUPE: Kwa kichwa! Nimejenga daraja, nimekufa kishujaa, nafufuliwa nisimame kwa kichwa.

SIMU: Jambo kama hili lilitokea Kanada mwaka 2017, kwenye mchezo wa kuamua bingwa wa nchi. Mchezaji alipindua ngome akidhani ni malkia, na malkia mwenyewe alikuwa mkononi mwa mpinzani. Mwamuzi akasema: ngome aliyepinduliwa ni ngome.

SAA: Na wetu akasema hivyo hivyo. Bado mfalme na ngome wanamshinda mfalme mtupu, ukiwa na muda. Hatua 16 zinatosha hata mahali pabaya. Mwalimu alicheza 5, mikono inatetemeka, nikaangusha bendera.

MFALME MWEUSI: Na mimi nilikuwa peke yangu bao zima. Mtu aliye peke yake hawezi kumfunga mwenzake hata siku moja, kwa hiyo muda wa Mwalimu ulipokwisha sikupewa ushindi. Sare. Sijawahi kuufurahia upweke namna ile.

ASKOFU WA C8: Tume imeshapata majibu. Sababu kuu ya kukosa ushindi ni matumizi ya vifaa visivyo na viwango. Kitunda cha h2 si kitunda. Ni kizibo cha soda ya chungwa, kimejikunja ubavuni. Kingekuwa kitunda halali, Mwalimu asingepata wasiwasi, na yote yaliyofuata yasingetokea.

ASKOFU MWEUPE: Naafiki.

MALKIA MWEUPE: Naafiki.

MFALME MWEUPE: Imepita. Ngome?

NGOME MWEUPE: Mimi... nilipokuwa h1 alikuwa mbele yangu mwanzo wote wa mchezo. Nilikuwa naona mgongo wake tu.

MFALME MWEUPE: Imepita kwa kauli moja. Kizibo, una la kusema?

Kizibo hakujibu, kwa sababu mlango ulifunguliwa. Aliingia mlinzi wa jengo na tochi, akaja kuzima taa na kufunga madirisha. Akaiona simu, akaitia mfukoni ampe Fundi asubuhi. Akamulika meza.

"Ahaa," akasema peke yake. "Kumbe kipo. Tumekosa kimoja toka juzi."

Akamwokota Kizibo, akamfuta kwa kidole gumba, akashuka naye. Sandukuni walisikia viatu vyake mpaka chini, kisha geti, kisha benchi likiburutwa.

MFALME MWEUPE: Jumamosi ijayo h2 atasimama nani?

ASKOFU WA C8: Tunaweza kuunda tume...

FARASI MWEUPE: Nyamaza kwanza. Sikiliza.

Kutoka getini ilipanda sauti ya vizibo vikigongwa kwenye ubao wa boksi. Ta. Ta-ta. Mtu akacheka. Mwingine akafoka, "Kula! Lazima ule, acha ujanja!" Kikagongwa tena, mara tatu mfululizo, kwa nguvu, na mlinzi akapiga kelele iliyosikika mpaka ghorofa ya pili:

"Kingi!"